Narayana mwenye Shri: cheo cha Lakshmi katika madhehebu ya Kihindu

Ukiingia katika duka la Mgujarati wa dini ya Kihindu, Kisutu au penginepo mjini Dar es Salaam, inua macho juu ya droo ya fedha. Mara nyingi utamkuta pale ndani ya fremu: mwanamke mwenye mikono minne, amevaa sari nyekundu, amesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu za dhahabu zinamwagika kutoka kiganjani mwake, na nyuma yake tembo wawili wameinua mikonga. Kijiti cha udi kinafuka mbele yake. Ikifika Diwali, vitabu vipya vya hesabu huwekwa mbele ya picha hiyo vikiwa bado havijaandikwa bei hata moja, ila maneno mawili tu kwenye ukurasa wa kwanza: shubh na labh, yaani heri na faida.

Huyo ni Lakshmi, ambaye jina lake la kale zaidi ni Shri. Ukiuliza ni nani, utaambiwa ni mungu wa mali na baraka, mke wa Vishnu, mungu mlinzi wa ulimwengu. Jibu hilo halina kosa. Lakini ni sawa na kumtambulisha mama wa watu kwa kusema "ni mke wa fulani" kisha ukanyamaza. Hujasema ana uwezo gani, neno lake lina uzito kiasi gani nyumbani, wala kama nyumba yenyewe si yake. Na hayo ndiyo wanazuoni wa Kihindu wamebishana juu yake kwa karne nyingi, kwa vitabu, kwa mijadala ya hadhara, na kwa kesi zilizofika mbele ya majaji wa Kiingereza.

Kuna kikwazo kimoja tukiondoe mapema, nacho kimo katika lugha yetu wenyewe. Neno "Mungu" kwa Kiswahili halina jinsia, na "yeye" ni yeye tu. Lakini tukishasema "mungu wa kike" tunasikia papo hapo kitu kidogo kuliko Mungu, kana kwamba kiti kikuu kimeshakaliwa na huyu amewekewa kigoda pembeni. Msikilizaji wa Kihindu hasikii hivyo anaposikia neno devi. Devi anaweza kuwa mlinzi wa kijiji kimoja chini ya mti mmoja, na anaweza kuwa Chanzo cha mbingu na ardhi. Neno ni lile lile, na hukumu inategemea aliyelitamka ni mfuasi wa nani.

Maana Uhindu hauna baraza moja la kuamua imani ya wote. Una sampradaya, milolongo ya mwalimu na mwanafunzi, ambayo mtu wa pwani angeiita silsila. Kila silsila ina vitabu inavyovitanguliza na sala zake, na kila moja ina jawabu lake kuhusu Lakshmi.

Tuanze na mizizi, japo kwa ufupi. Wimbo wa kale wa kumsifu, Shri Sukta, ulioambatanishwa na Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Kihindu, unaomba dhahabu, ng'ombe, farasi na watoto. Katika beti zake za awali hatajwi kuwa mke wa Vishnu. Ni Shri, neema yenyewe, king'ao cha mavuno na cha ufalme. Mwanamke juu ya yungiyungi akimwagiwa maji na tembo amechongwa katika mawe ya Bharhut na Sanchi, kazi za kabla ya Kristo. Baadaye ndipo hadithi inayojulikana zaidi ikatawala: miungu na mahasimu wao waliisukasuka bahari ya maziwa, mlima Mandara ukiwa upekecho na nyoka Vasuki akiwa kamba, na kati ya vilivyoibuka alikuwamo Lakshmi. Akawatazama wote waliosimama pale, akamchagua Vishnu, akafanya makao kifuani mwake.

Zingatia hilo la kifua. Sanamu nyingi za Vishnu zina alama ndogo upande wa kulia wa kifua, na waumini husema hapo ndipo Lakshmi anapokaa. Hatoki. Kwa hiyo swali la cheo chake ni gumu tangu mwanzo: kitu kisichotengana na Mungu ni sehemu ya Mungu, ni mali ya Mungu, au ni Mungu?

Ubishi mkali kuliko wote juu ya swali hili ulitokea Tamil Nadu, kusini mwa India, miongoni mwa wafuasi wa Ramanuja. Huyu, kwa hesabu ya wafuasi wake, aliishi kuanzia mwaka 1017 hadi 1137, na makao yake makuu yalikuwa hekalu la Srirangam, katika kisiwa kilichozungukwa na mto Kaveri. Dhehebu lake linaitwa Shri Vaishnava. Jina la mke limetangulia, na si kwa bahati. Sala iliyo moyoni mwa dhehebu hili ina sehemu mbili fupi: "Naikimbilia miguu ya Narayana mwenye Shri. Heshima kwa Narayana mwenye Shri." Narayana ni jina jingine la Vishnu.

Ugomvi mzima umefungwa ndani ya neno "mwenye". Kisanskriti kinatumia kiambishi kidogo, mat, kinachobandikwa mwishoni mwa jina, na kazi yake inalingana sana na -enye yetu. Hebu fikiria nesi ametokea mlangoni mwa zahanati akasema, "Mwenye mtoto mgonjwa aingie." Mama ataingia na mtoto wake mgongoni, akiingia peke yake wito haukuwa na maana. Sasa fikiria mlinzi wa getini anaita, "Mwenye gari jeupe aje hapa." Mtu anakuja, gari linabaki pale lilipoegeshwa, limetajwa ili ajulikane anayeitwa. Kiambishi ni kile kile, na matokeo yametofautiana. Basi ninapoikimbilia miguu ya Narayana mwenye Shri, je, Shri naye ni kimbilio langu, au ametajwa kwa kazi nyingine?

Baada ya Ramanuja wafuasi wake waligawanyika polepole pande mbili, Vadakalai, tawi la kaskazini, na Tenkalai, tawi la kusini. Wa kaskazini wanamtazama Vedanta Desika, ambaye mapokeo yanaweka maisha yake kati ya 1268 na 1369. Kwao, Shri ni kimbilio sawasawa na mumewe. Yuko kila mahali kama yeye, hana mpaka kama yeye, na wawili hao kwa pamoja ndio njia na ndio mwisho wa safari. Wana hoja nzito mkononi. Vishnu Purana inasema wazi kwamba Shri ni mama wa ulimwengu, wa milele, asiyeachana na Vishnu, na kwamba kama Vishnu alivyo kila mahali, ndivyo alivyo yeye. Kisha inaendelea: Vishnu ni maana, yeye ni neno. Nani awezaye kutenga neno na maana yake?

Wa kusini, wanaofuata Pillai Lokacharya na baadaye Manavala Mamuni (1370–1443), wanasema hapana. Mwokozi ni mmoja, Narayana peke yake. Shri ni mkuu wa nafsi zote, hajawahi kufungwa na mateso ya kuzaliwa na kufa, lakini katika asili yake yumo upande wa nafsi, na kila nafsi ni chembe. Kazi yake, ambayo sala inaitaja, ni ya mwombezi. Mwislamu angesema anatoa shufaa.

Ukiisikia haraka utadhani watu wa kusini wamemdharau. Ndivyo nilivyodhani mimi pia nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza. Lakini sikiliza wanavyosimulia kisa cha kunguru.

Kisa kimo katika Ramayana ya Valmiki. Vishnu ameshuka duniani kama Rama, na Lakshmi kama mkewe Sita. Siku moja msituni Rama amelala, kichwa kipo mapajani mwa Sita. Kunguru akamjia Sita akamdonoa kifuani. Sita hakutaka kumwamsha mumewe, akavumilia mpaka damu ikatiririka. Rama akazinduka, akang'oa jani moja la nyasi, akalisomea maneno ya siri, akalirusha. Jani likawa silaha ya moto. Kunguru akaruka dunia yote, jani likimfuata. Akaenda kwa baba yake Indra, mfalme wa miungu, akafukuzwa. Akaenda kwa watakatifu, wakafunga milango. Mwisho akarudi kwa yule yule aliyemkosea, akaanguka chini. Rama akamwachia uhai, akamtoa jicho moja tu.

Walimu wa dhehebu hilo huongeza jambo. Wanasema kunguru alipoanguka alikuwa amechoka kiasi kwamba alianguka vibaya, miguu yake imemwelekea Rama, jambo ambalo ni utovu wa adabu mkubwa kwa Wahindu. Sita, kifua kingali kinatoka damu, akamshika kichwa akamgeuza, ili ionekane ameanguka akiomba radhi. Kisha wanalinganisha: Ravana, jitu lililomteka Sita, naye alisimama mbele ya Rama huyo huyo, uwanjani Lanka, na hakupona. Kunguru alipona kwa sababu Sita alikuwapo. Ravana aliangamia kwa sababu hakuwapo.

Hapo ndipo unapoelewa uzito wa huyo mwombezi. Kwa Tenkalai, Vishnu ni baba mwenye haki, anayeona kosa na kujua adhabu yake. Mtoto aliyevunja mtungi haendi kwa baba moja kwa moja. Anajificha nyuma ya kanga ya mama. Lokacharya anasema Shri humrekebisha mwanadamu kwa neema yake, na humrekebisha Mungu kwa uzuri wake. Ni kauli ya ujasiri mno. Yaani yule waliyemweka upande wa nafsi ndiye wanayesema anaweza kuligeuza jicho la Mungu kutoka kwenye kosa hadi kwenye huruma. Kwa maoni yangu, waliomshusha cheo kwa mizani ya falsafa wamemtegemea kwa karibu zaidi katika maisha ya dhambi na msamaha, na atakayetaka kujua hadhi yake kwa kuangalia ngazi tu ataikosa nusu ya habari.

Tofauti hii ni moja kati ya tofauti 18 ambazo matawi hayo huzihesabu baina yao. Wafuasi hutambulikana kwa alama ya kwenye paji la uso: wa kaskazini huchora mistari miwili myeupe iliyoungana chini kwa mviringo, wa kusini huongeza mguu mdogo unaoshuka puani. Katika hekalu la Varadaraja huko Kanchipuram, nani atangulie kuimba na sala ya mwalimu gani isomwe kwanza yalikuwa mambo ya kupelekana mahakamani enzi za ukoloni. Na katikati ya alama zote mbili kuna mstari mmoja, mwekundu au wa manjano. Mstari huo ni Shri. Wote wawili humbeba kwenye paji la uso wakienda kushitakiana juu yake.

Vuka milima kwenda pwani ya magharibi, Udupi katika Karnataka, na utakuta jibu jingine kabisa. Madhva (1238–1317) alifundisha kwamba Mungu, nafsi na vitu ni tofauti milele, na kwamba nafsi zote zina ngazi. Hakuna usawa hata peponi. Juu ya wote yuko Vishnu, asiyemtegemea yeyote. Wa pili ni Lakshmi, peke yake kwenye ngazi yake. Yuko kila mahali Vishnu alipo, wakati wote Vishnu alipo, hajawahi kuonja uchungu, wala mwili wake haukufanywa kwa maada inayooza. Lakini sifa za Vishnu hazimaliziki, na Lakshmi mwenyewe anazitafakari milele bila kufika mwisho wake. Chini yake ndipo wanakuja Brahma, mungu muumbaji, na Vayu, mungu wa upepo, kisha wengine. Jambo la kushangaza kwa aliyezoea picha za kalenda ni kwamba kwa Madhva, Durga naye ni umbo la Lakshmi. Durga yule ambaye Wahindu wengi wanamjua kuwa mke wa Shiva, mungu mwingine mkuu.

Sasa turudi Srirangam, mwanzoni mwa karne ya 16. Mtawa kutoka Bengal, Chaitanya (1486–1534), amefika na kukaa miezi minne ya mvua nyumbani kwa Mshri-Vaishnava mmoja, Venkata Bhatta. Kitabu cha maisha yake kinasimulia mazungumzo yao. Chaitanya anamuuliza mwenyeji wake kwa utani wa kirafiki: Lakshmi wako, mke mwaminifu kuliko wote, anayekaa kifuani mwa Narayana, mbona maandiko yanasema alifunga na kujinyima muda mrefu akitamani kuwa karibu na Krishna, mchunga ng'ombe? Bhatta anajibu kwamba Krishna na Narayana ni mmoja, hakuna ubaya. Chaitanya anakubali, kisha anauliza la pili: basi mbona hakupata kuingia katika ngoma ya Krishna na wasichana wa kijijini, ilhali wasichana wale waliingia?

Jibu la Chaitanya ni kwamba Lakshmi anamjua Mungu katika enzi yake, na wasichana wale walimjua bila enzi, kama mpenzi tu. Katika silsila yake aliye juu kabisa ni Radha, mmoja wa wasichana wale, ambaye wanamwita nguvu ya furaha ya Mungu mwenyewe. Pasipo yeye hata Krishna hana raha. Kipimo kimebadilika. Hapa hawaulizi yupi ana uwezo wala yupi yuko kila mahali. Wanauliza nani anapenda zaidi. Kwa kipimo hicho Lakshmi, malkia mtukufu, anakuwa wa pili nyuma ya msichana wa kijijini asiye na taji.

Mpaka hapa wote tuliowasikia ni watu wa Vishnu, na wote wanaanza na Vishnu. Washakta, wanaomwabudu Devi kuwa mkuu wa wote, wanaanza upande wa pili. Neno lao, shakti, maana yake ni nguvu, na wanauliza: mwenye nguvu bila nguvu ni nani? Utenzi mmoja maarufu wa Kisanskriti, unaonasibishwa na mwanafalsafa Shankara, unafungua kwa kusema kwamba Shiva asipoungana na Shakti hawezi hata kujitikisa.

Kitabu chao kikuu ni Devi Mahatmya, beti 700 katika sura 13, cha yapata karne ya 6. Katika sehemu yake ya kati, miungu wamefukuzwa mbinguni na Mahisha, jitu la nyati. Kwa hasira nuru inatoka katika miili yao, nuru zinakutana, zinakuwa mwanamke, na kila mungu anampa silaha. Msomaji wa haraka atasema miungu wa kiume ndio waliomtengeneza. Lakini kitabu chenyewe kimeshatahadharisha kwamba yeye ni wa milele, na kwamba anapojitokeza kuwasaidia miungu ndipo watu husema amezaliwa. Nuru ile ilikuwa yake; walikuwa wameazimwa.

Mapokeo yanasema anayetawala sehemu hiyo ya kitabu ni Mahalakshmi. Na nyongeza yake inaeleza mpangilio ambao ningependa kila anayesema "mke wa Vishnu" ausikie. Mwanzoni yuko Mahalakshmi peke yake. Kutoka kwake wanatokea Mahakali na Mahasarasvati. Kila mmoja wa hao watatu anatoa jozi, mwanamume na mwanamke, na katika jozi hizo ndimo wanamopatikana Brahma, Vishnu, Shiva na wake zao. Ndipo Mahalakshmi anagawa ndoa, na Lakshmi anakabidhiwa Vishnu. Kwa hiyo kuna Lakshmi aliye mke, na kuna Mahalakshmi aliyemwoza. Jina moja limesimama kwenye ghorofa mbili tofauti za nyumba.

Hata ndani ya Ushakta si wote wanaompa kiti hicho. Kwa wanaomwabudu Lalita, Mama mkuu anakaa kwenye kitanda ambacho miguu yake ni miungu wanne, Vishnu akiwa mmoja wao. Katika orodha ya majina elfu ya Lalita, Lakshmi na Sarasvati wamesimama kushoto na kulia kwake, wakimpungia usinga.

Wafuasi wa Shankara katika falsafa ya Advaita, yaani kutokuwa na uwili, wana jibu fupi zaidi: ukweli wa mwisho hauna umbo wala jinsia, na ngazi zote hizi, za kiume na za kike, ni za safarini.

Katika nyumba za watu mambo haya hayakai kwenye rafu tofauti. Chukua familia ile ya Kisutu. Katika usiku tisa wa Navaratri wanawake na wanaume hucheza garba wakizunguka chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake kuna taa inayowaka. Chungu ni tumbo la uzazi, na taa ni uhai. Nyimbo zinamwita Amba, Mama, na kwa siku hizo hakuna anayeuliza mumewe ni nani. Wiki tatu hivi baadaye ni Diwali, na watu wale wale wanafungua vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi, mke wa Vishnu. Ukiwaambia wamebadili imani mara mbili katika mwezi mmoja hawatakuelewa.

Mahali ambapo kila kitu kinagongana mbele ya macho ni Kolhapur, katika jimbo la Maharashtra. Sanamu ya huko ni ya jiwe jeusi. Mikononi ana rungu, ngao, bakuli la kinywaji na tunda la jamii ya limau. Nyuma yake kuna simba. Juu ya kichwa chake kuna nyoka na linga, alama ya Shiva. Karibu yote hayo yanalingana na maelezo ya Mahalakshmi katika ile nyongeza ya Devi Mahatmya. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwanzo wa Februari na tena Novemba, miale ya jua linalozama hupita milango ya hekalu na kupanda kutoka miguuni mwake hadi usoni. Wenyeji wengi humwita Ambabai, Mama Amba, na wapo wanaokataa kabisa aitwe mke wa Vishnu.

Lakini watu wa Vishnu wana kisa chao. Mtakatifu Bhrigu, akitaka kujua ni mungu yupi mkuu, alimpiga Vishnu teke kifuani. Vishnu hakukasirika, akaupapasa mguu wa mgeni akimuuliza kama umeumia. Aliyekasirika ni Lakshmi, maana kifua kile ni nyumba yake. Akaondoka, akaenda kukaa Kolhapur. Vishnu akashuka duniani, akaishia kwenye vilima vya Tirupati, kusini mashariki, ambako alimwoa Padmavati kwa fedha alizokopa kwa Kubera, mwekahazina wa miungu. Mahujaji wanaomiminika huko hutoa sadaka wakiamini wanasaidia kulipa deni hilo.

Na kila mwaka, siku za Navaratri, hekalu la Tirupati hutuma sari Kolhapur. Inabebwa kwa heshima, inapokewa, na Mama huvikwa. Kwa waliokuja nayo, ni vazi kutoka kwa mume kwenda kwa mke aliyeondoka na hajarudi. Kwa wengi wanaoipokea, ni mungu mwingine tu aliyetuma zawadi kwa Mama, kama inavyostahili.